Maswali Kwenye Mlango wa Stoo

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tano, mwaka huu, tulimzika Hawayu. Aliugua homa siku nne tu. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, mkulima wa mpunga upande wa Chara, na kabla ya hapo alikuwa mwanafunzi wa shule yenu.

Jina langu ni Jillo. Nilitunza stoo ya vitabu shuleni hapo kwa miaka ishirini na sita. Mwalimu mkuu wenu alinitumia ujumbe akiniomba niwaandikie kurasa chache juu ya namna nzuri ya kusoma, kwa sababu, alisema, mimi ndiye niliyemfundisha yule binti kusoma. Hilo ndilo nililokuwa nikilisema miaka yote. Ndugu zenu wakubwa walilisikia kutoka kinywani mwangu, wiki ya kwanza ya kidato cha kwanza, wakiwa kwenye foleni wakingoja vitabu. Nimekubali kuandika ili nilieleze tena, safari hii kama lilivyokuwa.

Kwanza mjue kwamba mimi niliishia darasa la saba. Kiingereza changu kilitosha kusoma majalada na kupanga vitabu kwenye rafu. Kazi nilifundishwa na Mzee Maro, aliyekuwa na stoo kabla yangu, na mengi aliyonifundisha ni mazuri. Majani makavu ya mwarobaini kati ya vitabu hupunguza wadudu. Kitabu kilicholowa hakianikwi juani, kurasa zitajikunja. Unakitia karatasi kavu kila baada ya kurasa chache, unakisimamisha kivulini, mdomo wazi kidogo kama mtu anayepiga miayo. Kitabu kipya hakipasuliwi katikati. Unafungua kurasa chache za mwanzo, halafu chache za mwisho, unaendelea hivyo huku na huku mpaka mgongo uzoee.

Alinifundisha pia kwamba mtunza stoo hujulikana siku ya ukaguzi. Mkaguzi akikuta vitabu vinang'aa, kazi yako ni safi. Hili nililishika kuliko yote. Nilinunua kufuli yangu mwenyewe, kubwa kama ngumi, na ufunguo wake ulikuwa mmoja. Ulilala mfukoni mwangu. Hata naibu wa mwalimu mkuu hakuwa nao, na nilijivunia jambo hilo.

Nje ya mlango wa stoo palikuwa na meza na benchi. Vitabu vipya havikutoka pale. Anayetaka kusoma alikaa kwenye benchi, mimi nikakaa kizingitini nikimwangalia mikono. Ndivyo nilivyojua watu wanavyosoma. Sikuelewa walichosoma, lakini niliwaona.

Kulikuwa na kijana mmoja tuliyemwita Profesa. Alikuwa na kalamu ya kijani na daftari ambamo alipigia mstari kila alichoandika. Alianza na mambo muhimu, halafu akaona hata haya mengine ni muhimu. Mwisho wa muhula daftari lote lilikuwa kijani. Nikamuuliza, "Sasa Profesa, utajuaje pa kurudi?" Akasema, "Mzee, ninarudi kote." Hakurudi popote. Kulikuwa na wengine waliosoma ukurasa huohuo mara sita, wakitikisa kichwa kwa kukubali, wakaondoka wakiwa na furaha. Siku mbili baadaye ungewauliza kilichokuwa ndani ungedhani unawauliza habari za nchi nyingine. Niliwaona hao kwa miaka na nikawacheka. Mwaka huu nimekuwa mmoja wao, nitafika hapo.

Hawayu alikuja mlangoni akiwa kidato cha nne, mwanzo wa muhula.

"Shikamoo mzee. Naomba kile cha baiolojia. Nitakirudisha Jumatatu."

"Marahaba. Unakaa wapi?"

"Ng'ambo."

"Unavuka na nini?"

"Na mtumbwi, mzee. Kwani kuna daraja?"

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Muhula uliotangulia kitabu cha jiografia kilikuwa kimeanguka majini kutoka kwenye mtumbwi huohuo.

"Mamba wa hapo ana jiografia yangu tayari," nikamwambia. "Simpelekei na baiolojia."

"Basi nisomee hapa."

"Hapa ni nusu saa, wakati wa chakula. Nikienda zangu nafunga."

Alitaka kuwa muuguzi. Kila mtu alijua, kwa sababu alikuwa akisema wazi, na alijua pia kwamba chuo kisingemchukua bila alama fulani katika somo hilo. Kwa hiyo alikuja kila siku ya shule na kuacha chakula chake. Alikula akirudi darasani, akitembea.

Nilivyomwona akisoma nilidhani anasali. Alikuwa akisoma kurasa mbili, tatu hivi, kwa muda mfupi, halafu anafunga kitabu hali nusu saa haijaisha. Anakifunga kabisa, anaweka kiganja juu ya jalada, anainamisha kichwa upande na kuangalia mabati ya paa huku midomo ikicheza. Kisha anafungua, anaangalia, anaguna. Kisha anaandika kitu kidogo sana kwenye daftari lake, mstari mmoja au miwili.

Siku moja nikamkemea. "Wewe binti, muda ni mchache na unaangalia paa."

"Naangalia mapengo, mzee."

"Mapengo gani? Paa langu halivuji."

Akanieleza. Wale ambao wazazi wenu wanalima mpunga mtaelewa upesi. Ukishapandikiza miche, siku chache baadaye unarudi shambani kuangalia. Huling'oi shamba lote ukaanza upya. Unatafuta pale mche ulipokufa, unatia mwingine hapo tu. Wiki ikipita unarudi tena, maana hata ile uliyotia huenda mingine haikushika. Yeye alifanya hivyo na kitabu. Akifunga, lile analoweza kulisema mwenyewe limeshika. Lile asiloweza kulisema ni pengo. Aliandika mapengo tu, na kesho yake alianzia hapo. Baada ya siku kadhaa alirudi kwenye yale aliyodhani yameshika, akayajaribu.

"Na jioni?" nikamuuliza. "Nyumbani huna kitabu."

"Nina mama. Tukipalilia namwambia yote kwa Kipokomo. Asipoelewa, najua ni mimi sijaelewa."

"Mama yako amesoma?"

"Hajaingia darasa hata moja. Ndiyo maana hanidanganyi. Mwalimu ukikosea anakusaidia kumaliza, mama anasema tu, 'Sijasikia kitu hapo, rudia.'"

Hayo ndiyo yote ninayoyajua juu ya namna ya kusoma, wanangu, na sikuyagundua mimi. Soma kidogo, funga, sema kwa maneno yako na kwa lugha ya nyumbani kwenu, andika lililokushinda, rudi kesho kwa hilo, rudi wiki ijayo kwa yote. Tafuta mtu asiyejua somo na umweleze mpaka aelewe. Na ulale, maana Hawayu hakukosa usingizi kwa ajili ya kitabu. Hakuwa nacho.

Kwa miaka mingi nilisimama mbele ya foleni ya kidato cha kwanza nikasema, "Nilimnyima Hawayu kitabu, ndipo akajua kusoma." Walimu walipenda hadithi hiyo. Niliposimulia nilikuwa nikiishia hapo, kwenye paa na mapengo, na kila aliyesikia alidhani binti alifaulu akaenda zake chuoni. Sikusema alifaulu, ila nilinyamaza mahali pa kusema hakufaulu. Ninawaandikia sasa sehemu niliyokuwa nikiikata.

Mtihani ulipokaribia, ilikuwa imebaki sura moja. Aliiacha mwisho kwa sababu ilimshinda: ile ya urithi, ya jinsi mtoto anavyopata sura na mambo mengine kutoka kwa wazazi wake. Aliniambia, "Mzee, hii nitahitaji siku zangu zote zilizobaki." Nikamwambia aje, nipo.

Wiki hiyo ndugu yangu akaniomba twende Bangale kutafuta mbuzi wa mahari ya mwanawe. Nilihesabu kwenda na kurudi siku tatu. Ufunguo ulikuwa mfukoni na ukaenda nami. Ningeweza kumwachia naibu. Niliwaza hivyo nikiwa nafunga mlango, nalikumbuka vizuri wazo hilo, na nikaliacha, kwa sababu ukaguzi ulikuwa umetangazwa na sikutaka mtu apekue rafu zangu.

Mvua ilitukuta huko. Gari lilizama kwenye tope, likatolewa, likazama mbele kidogo. Mbuzi walitoroka mara mbili, na ndugu yangu akasema wao ndio wenye akili. Tulicheka sana njiani. Nilirudi siku ya kumi na moja.

Nilipofika kwenye stoo nilikuta mlango umeandikwa kwa mkaa, kuanzia usawa wa kifua kushuka chini. Yalikuwa maswali. Aliyaandika kwa Kiswahili, nadhani kwa kuwa alijua atakayesoma ni mimi. Naibu aliniambia kuwa binti alikuja kila siku wakati wa chakula akakaa kwenye benchi. Alikuwa ameazima daftari la mwenzake, akalisoma, akalifunga, na kila alipokwama aliandika swali mlangoni ili nikirudi ajue atafute ukurasa gani. Walimu walijaribu kuivunja kufuli yangu kwa nondo wakashindwa. Naibu alisema hivyo akiisifu kufuli.

Swali la juu kabisa lilisema: Kama mtoto huchukua nusu kwa mama na nusu kwa baba, nani anachagua nusu ipi?

Nilisimama nikayasoma yote. Halafu nikachukua kitambaa na ndoo ya maji nikaufuta mlango, kwa sababu mkaguzi alikuwa anakuja asubuhi. Nilisugua mpaka mbao zikawa nyeupe.

Hawayu alikuja wakati wa chakula. Aliuangalia mlango. Nilitoa kitabu haraka kabla hajaomba, na nikamwambia kwamba leo anaweza kukaa hata saa nzima. Aliketi akakifungua, akawa anafunua kurasa mbele na nyuma.

"Umeyapoteza mapengo yako?" nikauliza, kama mtu anayetania.

"Yalikuwa hapo," akasema. "Sikuyaandika kwengine."

Mtihani wa baiolojia ulikuwa kesho kutwa, na kesho yake stoo ilifungwa kwa ajili ya ukaguzi. Alikosa ile alama ya chuo kwa ngazi moja. Siwezi kuwaambia kwamba ni ile sura iliyomwangusha, sikuona karatasi yake. Ninajua tu kwamba aliniomba siku zake zote zilizobaki nami nikampa saa moja. Mkaguzi alikuja, akasifu stoo. Nilipewa barua ya pongezi.

Miaka michache baadaye mto ulifurika. Maji yaliingia shuleni asubuhi, watu wote wakiwa wamehamia penye mwinuko, nami nilikuwa nao, ufunguo mfukoni. Siku ya nne tulipofika stoo tulikuta rafu zimeanguka. Vitabu vilikuwa vimenyonya maji vikavimba vikashikana kama ugali uliopoa. Nilijaribu mbinu za Mzee Maro, nikaweka karatasi kavu kati ya kurasa, lakini huwezi kukausha tope. Vitabu vingi vilikuwa havijawahi kusomwa na mtu. Nilivitunza vizuri sana mpaka siku hiyo.

Vilivyopona ni vile vilivyoibwa. Ndiyo, hata mimi nilikuwa nikiibiwa. Wazazi walipoona hasara, vikaanza kurudi kimoja kimoja, vingine baada ya miaka. Kimoja kilikuwa na mchuzi wa samaki kurasa ishirini. Kingine kilikuwa kimekuwa mfuniko wa mtungi. Mwalimu wa baiolojia aliyapokea mabaki hayo akacheka mpaka akakaa chini. "Mzee Jillo," akasema, "ungeibiwa zaidi kidogo leo tungekuwa na maktaba." Kati ya vilivyorudi kilikuwemo kitabu kimoja cha baiolojia cha kidato cha nne, hakina jalada. Mtaala ulipobadilika niliruhusiwa kwenda nacho nyumbani.

Nasikia sasa mna simu, na mwalimu akiandika ubaoni mnapiga picha. Kijana wa jirani alinionyesha zake. Alikuwa na kurasa nyingi kuliko stoo yangu, safi, zimepangwa kwa tarehe. Nikamuuliza amezifungua ngapi. Akasema, "Zipo tu, mzee, hazipotei." Nilimtazama nikajiona mimi. Mwenye picha elfu moja ambazo hajazifunga na kujiuliza kilichomo ni mtunza stoo, na kazi hiyo naijua, haina mtihani.

Hawayu alirudi shambani kwa mama yake. Watoto wa kijiji walikuwa wakimwendea na madaftari, naye akiwafungia vitabu na kuwauliza. Tulikutana mara moja sokoni Garsen, mimi nikiwa bado kazini. Alikuwa na gunia la mchele, nami nilitaka kupita upande wa pili.

"Mzee Jillo! Mbona unanikimbia? Nasikia nimefaulu."

Niliangalia gunia lake.

"Watoto wa huku wanarudi kutoka shule wananiambia. Nimekuwa muuguzi wapi, mzee? Mombasa? Nijulishe nikachukue mshahara."

Akacheka, akainamisha kichwa upande kama zamani, akingoja. Hapo ndipo ningesema. Nilimuuliza habari za mpunga. Akanijibu kwa adabu kwamba ndege wamezidi mwaka huu, tukaagana. Nikarudi shuleni, na muhula uliofuata nikasimulia hadithi ileile kwenye foleni, tena kwa kuikata palepale.

Siku ya mazishi mzungumzaji aliniita mbele. Alisema, "Mzee huyu ndiye aliyemfundisha marehemu." Watu walinyamaza kunisikiliza. Mama yake alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango. Nilisimama pale nikiwa na nafasi ya kusema ukweli mbele ya jeneza, nikasema, "Alikuwa msomaji hodari," nikaketi.

Watu walipokuwa wakitawanyika, Mama Hawayu alituma niitwe. Nilikwenda nikijua ameniitia nini. Kumbe sikujua.

"Jillo, wewe ndiye mwenye vitabu."

"Nilikuwa mimi, mama. Sasa nimestaafu."

"Mwanangu alinieleza kitabu chote tukilima. Moyo najua, una vyumba vinne. Mapafu najua. Chakula kinapopita najua." Aliyataja kwa utaratibu, kwa Kipokomo, akihesabu kwa vidole. "Alisema imebaki sehemu moja, inayoeleza kwa nini mtoto hufanana na mama yake. Alisema akiipata ataniambia. Nami sikumkumbusha, niliona inamuuma. Wewe unayo?"

Nikasema ninayo. Na hapohapo, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine, nikamwambia habari za kufuli, na Bangale, na kitambaa. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande.

"Ulifuta?" akauliza.

"Nilifuta."

Kisha akasema, "Ilete hiyo sehemu."

Nilikaa na ile sura wiki tatu, nikiwa na kamusi na penseli. Niliisoma mara saba. Nilipigia mstari. Kila niliposoma nilitikisa kichwa kwa kukubali, na mara ya saba niliona ni nyepesi kabisa, nikashangaa mbona ilimsumbua binti. Nikafunga kitabu kwenye mfuko wa plastiki, nikafunga na wa pili juu yake, nikaenda mtoni.

Mvushaji ananijua. "Umebeba nini, mzee? Umekikumbatia kama mtoto."

"Kitabu."

"Kitabu kwenye mtumbwi? Wewe?"

"Piga kasia."

Mama Hawayu alikuwa shambani, akirudishia miche. Alinawa mikono, tukakaa kwenye tuta. Nilitoa kitabu, nikafungua, nikaanza kumfasiria mstari kwa mstari. Aliniacha niende kama nusu ukurasa. Halafu akanyoosha mkono wake wenye tope mpaka kwenye kucha, akakifunga kitabu juu ya kidole changu.

"Sasa niambie wewe," akasema.

Nikaangalia mbele. Nilitafuta zile kurasa zote nilizozipigia mstari, sikuziona. Nilikuwa na jambo moja tu.

"Mtoto huchukua nusu kwa mama," nikasema, "na nusu kwa baba."

"Nusu ipi? Nani anachagua?"

Nililijua swali hilo. Nililiona limeandikwa kwa mkaa, juu kabisa, kabla sijalifuta.

"Sijui, mama."

"Hapo ndipo uanzie," akasema. Aliokota fungu la miche, akaingia tena majini. "Njoo Alhamisi."